Jiwe Halitii Nguvu

Watu wengi wakisikia habari za watu wa kale waliotumia vyombo vya mawe hucheka kidogo, wakasema moyoni, "Kuvunja jiwe ni kazi gani? Hata mtoto mchunga mbuzi aweza." Neno hilo ni jepesi kwa mtu aliyekaa kitini. Lakini akishika jiwe moja kwa mkono wa kushoto na jingine kwa mkono wa kuume, akajaribu kujipatia kisu cha kukatia nyama, hakawii kutambua kwamba kusema na kutenda ni mambo mawili mbalimbali.

Ndivyo alivyotambua kijana mmoja, karani, aliyekwenda kukaa siku thelathini za likizo yake ya mwaka kwa mjomba wake karibu na Elmenteita, katika Bonde la Ufa. Mjomba huyo ni mkulima wa mahindi na viazi, lakini alipokuwa na nguvu zake alikuwa fundi wa kuchonga mawe ya kujengea nyumba. Nyundo yake na tindo zake zimetundikwa ukutani mpaka leo, wala hapendi mtu azichezee.

Jioni moja, baada ya chakula, mazungumzo yalifika kwenye mambo ya kale. Kijana alikuwa amekwenda Kariandusi siku za shule pamoja na mwalimu wake, akayaona mashoka ya mkono yaliyolala chini pale pale yalipochimbuliwa. Akasema, "Mjomba, watu wale walikuwa wajinga sana. Miaka maelfu kwa maelfu walitengeneza kitu kile kile kimoja. Mimi naweza kukitengeneza kwa siku moja."

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, mimi nilichonga mawe kwa chuma miaka ishirini na miwili, na siku nyingine jiwe lilinishinda. Wewe huna chuma. Basi tufanye hivi. Mwisho wa likizo yako nitachinja mbuzi, dada zako watakapokuja. Kama una kisu chako cha jiwe, utamchuna wewe. Kama huna, utaninunulia kilo kumi za sukari, wala hutasema tena kwamba wazee walikuwa wajinga."

Kijana akacheka, akakubali.

Msomaji asiyeijua nchi ile yafaa aelezwe habari za mawe yake. Kutoka Naivasha mpaka Nakuru nchi ile imefanywa na milima ya moto. Mahali pengi, hasa pande za Naivasha na Mlima Eburru, hupatikana jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, ambalo wataalamu huliita obsidiani. Kwa kweli ni kioo. Ni uji wa moto uliotoka ardhini ukapoa upesi mno, hata chembe zake zisipate nafasi ya kujipanga kama zinavyojipanga katika mawe mengine. Kwa sababu hiyo likivunjika hutoa ukingo mkali kupita wembe wa chuma, ingawa ukingo huo ni mwepesi kukatika ukigonga mfupa. Watu wa kale walilithamini sana. Huko Olorgesailie, kando ya njia ya Magadi, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba watu waliokaa pale zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walikuwa wakiletewa au wakijiletea obsidiani kutoka mwendo wa kilomita 25 hadi 50, na pengine zaidi.

Wazee wa Kikuyu wa zamani walivijua vipande hivyo vyeusi, wakaviita nyembe za mizimu, wakaamini kwamba vilishuka na mvua kubwa. Hawakusema bila sababu, maana baada ya mvua kubwa ndipo vinapoonekana, udongo ukiisha kuchukuliwa na maji. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, alianza kuviokota akiwa mtoto. Akavipeleka kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi siku zile, naye akamwambia kwamba baadhi yake ni vyombo vya kweli vilivyotengenezwa na watu. Neno lile lilimwongoza maisha yake yote. Mahali pa Kariandusi palipatikana katika safari yake ya uchunguzi ya miaka ya 1928 na 1929. Tena Leakey hakuridhika na kuokota tu. Alijifunza kuchonga mawe kwa mikono yake mwenyewe, akawa hodari hata akazoea kuwaonyesha watu jinsi mnyama anavyoweza kuchunwa kwa jiwe.

Kijana wetu hakuwa na habari hizo zote alipoteremka shamba la chini asubuhi ya pili. Mvua za masika zilikuwa zimekata korongo jipya ukingoni mwa shamba, na ndani yake yalikuwa mawe meusi mengi. Akachagua moja lililomkaa vizuri mkononi, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, umbo lake kama ulimi wa ng'ombe. Akaona kwamba jiwe hilo limekaribia lile alitakalo, basi litampunguzia kazi. Bila kumwuliza mjomba wake akatwaa nyundo ya chuma, akaliweka jiwe juu ya gogo, akalipiga katikati kwa nguvu zake zote.

Likavunjika vipande vitatu, na vumbi la kioo likaruka. Ukingo wa kipande kimoja ukampasua kidole gumba, damu nyingi ikamtoka. Akavitupa vile vipande penye lundo la mawe kando ya shamba, akaenda kuosha mkono. Mjomba alipomwona na kitambaa kidoleni hakumcheka. Aliuliza neno moja tu: "Nani amekupa ruhusa kuchukua nyundo yangu?"

Siku tatu zikapita kijana hagusi jiwe. Siku ya nne mjomba akamwita, akamwambia, "Kama watu wale hawakuwa na chuma, nawe uache chuma. Chuma ni kigumu mno kwa jiwe la kioo, hulisaga pale kinapopiga. Nenda mtoni ukatafute jiwe la mviringo, zito, lisilo na matundu, lenye kutosha kufumbatwa mkononi. Hilo ndilo nyundo yako. Kisha jiwe unalotaka kulivunja ulisikilize kwanza."

"Nilisikilize, Mjomba?"

"Ulisikilize. Mama yako akinunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla hajatoa fedha. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Na jiwe ni vivyo hivyo. Ulishike kwa ncha za vidole, uligonge polepole. Likikohoa, liache, maana litakuvunjikia palipo na ufa wake, si unapotaka wewe."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kijana alishangaa kuona kwamba katika kila mawe kumi yaliyomvutia macho, matatu au manne yalikohoa. Akajifunza pia kuyapambanua mawe kwa kuyatazama. Jiwe laini la kujengea, alilolichonga mjomba miaka ile yote, halifai hata kidogo, kwa sababu humeguka kama mkate. Mawe yenye chembe kubwa hayafai, maana nguvu ya pigo hupotea kati ya chembe na chembe. Yafaayo ni yale yenye mwili mmoja ulio laini kwa macho: obsidiani, jiwe la gumegume, na yale mawe meusi au ya kijivu ya milima ya moto yaliyo magumu na yenye chembe ndogo sana.

Lakini kuchagua si kuchonga. Juma zima kijana alipiga akashindwa. Mara jiwe lilipondeka, mara lilipasuka vipande visivyo na ukingo, mara pigo liliteleza likamgonga goti. Mjomba naye akajaribu, akashindwa, kwa maana mkono wake ulizoea kuipiga tindo, na tindo huelekezwa mahali mtu anapopenda. Hapa hapakuwa na tindo. Wakakaa wote wawili chini ya mti, mzee na kijana, wanafunzi wa darasa moja, wakiyatazama mawe yaliyowashinda.

Siri yake waliipata dukani. Kijana alikwenda kununua chumvi, akaona kioo cha dirisha la duka kimetobolewa na jiwe la manati la mtoto. Akasogea akatazama. Tundu lilikuwa dogo upande ule lilipoingia jiwe, lakini upande wa ndani lilikuwa pana, kama mdomo wa tarumbeta. Akasimama pale kitambo, mpaka mwenye duka akamwuliza kama kuna neno.

Alipofika nyumbani akaeleza. "Mjomba, pigo haliendi moja kwa moja kama msumari. Likiingia katika kioo hutanuka, likawa kama tarumbeta. Mimi napiga katikati ya jiwe, basi tarumbeta yote huzama ndani, jiwe likaumia bure. Lakini nikipiga karibu na ukingo, nusu ya tarumbeta itatokea ubavuni, nayo itachukua kibanzi."

Hivyo ndivyo ilivyo, na wataalamu husema vivyo hivyo. Mchongaji hutafuta kwanza ukingo ambao pembe yake ni ndogo kuliko pembe ya sanduku. Ikiwa pembe ni ile ya sanduku, au imezidi hapo, nguvu ya pigo haina pa kutokea, hata mtu apige kwa nguvu za watu watatu. Akiisha kuupata ukingo unaofaa, hupiga ndani yake kidogo tu, pengine nusu ya upana wa kidole. Pigo lenyewe halishuki wima. Hupita kwa mshazari, mkono ukiendelea na safari yake baada ya kugusa. Kibanzi hutoka kwa chini, upande usioonekana, kikaanguka juu ya kipande cha ngozi kilichotandikwa pajani.

Kijana akapiga hivyo. Ikasikika sauti ndogo kama ya kikombe kinachopasuka, na kibanzi kirefu kama kidole kikalala juu ya ngozi, chembamba hata mwanga ulipita kingoni. Mjomba akakichukua, akakata nacho uzi wa gunia kama anayekata siagi. Akakigeuza akakitazama sana. Karibu na mahali palipopigwa palikuwa na kinundu kidogo kilichovimba, na kutoka hapo yalienea mawimbi kama ya maji yaliyotupiwa jiwe.

Akasema, "Kumbe jiwe halitii nguvu. Latii pembe."

Kinundu kile na mawimbi yale ndiyo alama wanazotafuta wataalamu wanapotaka kujua kama jiwe limepigwa na mtu au limevunjwa na mto na jua. Alama moja peke yake haitoshi, kwa maana jiwe likianguka gengeni laweza pia kutoa kibanzi. Lakini vibanzi vingi vilivyotolewa kwa mpango kutoka jiwe moja, kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali pake, hilo ni neno jingine. Huko Lokalalei, magharibi ya Ziwa Turkana, Hélène Roche na wenziwe waliokota vibanzi vyenye umri wa miaka milioni 2.3, wakavirudishia mahali pake katika mawe yaliyovitoa, kama mtu anayeunga sahani iliyovunjika. Wakaona kwamba mawe mengine yalitolewa vibanzi kwa makumi, na kwamba mchongaji aliulinda ukingo wenye pembe inayofaa kutoka pigo la kwanza mpaka la mwisho. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1999. Na upande ule ule wa ziwa, huko Lomekwi, Sonia Harmand na Jason Lewis walipata mwaka 2011 vyombo vya miaka milioni 3.3, vikatangazwa mwaka 2015. Ni mawe makubwa, mengine yafikia kilo 15, na yaonekana kwamba mengi yalivunjwa kwa kugongwa juu ya jiwe jingine lililowekwa chini. Kwa hiyo nchi ya Kenya ina shule ya kazi hii kuliko nchi nyingi za dunia, na shule hiyo ina umri mkubwa kuliko watu wa umbo letu wenyewe.

Tena ipo habari ya Kanzi. Huyu alikuwa nyani wa namna ya bonobo aliyelelewa Marekani, na tangu mwaka 1990 Nicholas Toth na wenziwe walimwonyesha jinsi ya kuvunja mawe. Wakaweka chakula katika sanduku lililofungwa kwa kamba, ili apate haja ya kisu. Kanzi akajifunza kugonga jiwe kwa jiwe, akapata vibanzi, akakata kamba. Lakini punde akajivumbulia njia yake: alilitupa jiwe kwenye sakafu ngumu likavunjika, akaokota kipande chenye makali. Alikuwa mwerevu, na chakula alikipata. Lakini kuulinda ukingo na pembe yake, kama walivyofanya wale wa Lokalalei, hakukuweza.

Kijana karani alipoendelea na kazi yake aliona kwa nini hilo ni gumu. Baada ya vibanzi vinne au vitano, jiwe lake liliharibika. Pigo lilianza vizuri, kisha likakatika njiani, likaacha ngazi katika uso wa jiwe. Pigo la pili nalo likasimama penye ngazi ile ile, na la tatu. Kila alipoongeza nguvu, ngazi iliongezeka kimo. Ilimchukua siku nyingi kujua kwamba dawa ya ngazi si nguvu. Sharti aligeuze jiwe, atafute njia ya upande mwingine, aondoe ngazi kutoka nyuma yake. Akajifunza kuusugua ukingo kwa jiwe lenye kukwaruza kabla ya kupiga, ili usipondeke. Akajifunza kwamba kibanzi hupenda kufuata mgongo ulioinuka kati ya makovu mawili ya vibanzi vilivyotangulia, kama maji yanavyofuata mfereji. Basi kila pigo lilitengeneza njia ya pigo lijalo, na mtu asiyefikiri mapigo matatu mbele alijifungia mlango mwenyewe.

Na hatari zake pia alizijua. Alivaa miwani, maana chembe ya kioo ikiingia jichoni si jambo la mchezo. Alifanya kazi nje penye upepo, wala si chumbani, kwa kuwa vumbi la mawe hudhuru mapafu polepole bila mtu kujijua. Na kila jioni aliokota mabaki yote, watoto na ng'ombe wasije wakayakanyaga.

Juma la tatu likaisha, akajaribu shoka la mkono. Kazi hii ni ya namna nyingine. Jiwe hupigwa upande mmoja, kisha hugeuzwa likapigwa upande wa pili, na kovu la kibanzi cha kwanza ndilo mahali pa kupigia cha pili. Hivyo hivyo kwa zamu, kuzunguka pande zote, mpaka ukingo mmoja ulionyoka uwe umelizunguka jiwe, na pande mbili ziwe sawa. La kwanza likavunjika katikati alipokaribia kulimaliza. La pili likawa nene kama kiazi. La tatu likavunjika kama la kwanza. Mawe mazuri yakamwishia, akakumbuka lile lundo kando ya shamba, akaenda kutafuta jingine.

Hapo ndipo alipoviona vile vipande vitatu alivyovitupa siku ya pili ya likizo.

Akaviokota. Akavitazama, na mara moyo wake ukashtuka. Juu ya kipande kimoja aliona makovu ya vibanzi, kovu moja upande huu, la pili upande wa pili, kwa zamu. Akaviunganisha mikononi. Ukingo ulikuwa umenyoka kama uliochorwa kwa rula. Kwenye ubavu mmoja palikuwa na ngazi ndogo, na mchongaji alikuwa ameiondoa kutoka nyuma yake, kwa pigo moja safi, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akijaribu siku kumi nzima asiweze. Lilikuwa shoka la mkono. Lilikuwa zima siku ile alipolitoa korongoni, naye alilipiga kwa nyundo ya chuma ili limpunguzie kazi.

Aliketi chini penye lundo mpaka jua likapungua. Mjomba alipomfuata alimpa vile vipande bila kusema neno. Mzee akavigeuza, akaona.

"Mwalimu wako alikupeleka Kariandusi," akasema.

"Alinipeleka, Mjomba. Nilitazama, lakini sikuona."

Kesho yake wote wawili wakaenda Kariandusi. Si mbali, ni karibu na yale machimbo ya udongo mweupe yaliyo kando ya barabara kuu ya Nakuru. Mashoka yale yalikuwa pale pale chini, mengine ya obsidiani, mengine ya jiwe la kijivu la mlima wa moto. Umri wake wakadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Safari hii kijana hakupita upesi. Alisimama mbele ya kila moja akisoma mapigo, akimwonyesha mjomba wake: hapa alianza, hapa aligeuza, hapa jiwe lilimsumbua, hapa aliliacha.

Mwongozaji wa wageni akasikiliza habari yao mpaka mwisho, wala hakuwagombeza. Akawaeleza kwamba kilichopotea si shoka peke yake. Kitu cha kale kina thamani kikiwa mahali pake ardhini, kwa sababu ni tabaka za udongo na majivu ya milima ya moto zinazowajulisha wataalamu umri wake. Kikiisha kuondolewa pale ni kama karatasi iliyonyofolewa katika faili. Maneno yake yapo, lakini haina tarehe, haina nambari, na hakuna ajuaye ilifuata ipi. Karani akalielewa jambo hilo upesi sana. Tena akawakumbusha kwamba vitu hivyo ni mali ya taifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yamtaka mtu aliyeviona atoe habari, na yakataza kuvichukua au kuviuza bila ruhusa. Anayekuta mawe ya namna hiyo shambani mwake avaache mahali pake, atie alama, awape habari watu wa Makumbusho ya Taifa.

Akawapa na shauri jingine. Mtu anayejifunza kuchonga asifanye kazi hiyo mahali penye mawe ya kale, wala asiache vibanzi vyake hapo, maana baada ya miaka mingi mtaalamu atavikuta akadanganyika. Mabaki yote na yakusanywe, yafukiwe shimoni mbali na pale, na ndani yake itiwe sarafu yenye mwaka wake. Atakayefukua ataisoma sarafu, atajua kwamba mchongaji alikuwa mtu wa juzi tu.

Waliporudi nyumbani mjomba alichukua kamba na vigingi, akazungushia sehemu ile ya korongo. Alikuwa amekusudia kuchimba matuta pale kabla ya mvua za vuli, ili kuzuia udongo usichukuliwe. Sasa akayasogeza matuta juu, hatua arobaini, akapoteza kipande cha viazi. Kijana akaandika barua, akaeleza mahali palipo, na kina cha korongo, na jinsi shoka lilivyovunjika na nani aliyelivunja. Vile vipande vitatu akavifunga pamoja katika kitambaa, akaandika juu yake siku vilipookotwa, avikabidhi watakapokuja.

Siku ya mwisho ya likizo mbuzi akachinjwa. Dada zake wakasimama pembeni wakicheka, wakingoja kuona kijana anavyoaibika. Lakini alitoa vibanzi sita vya obsidiani, akavipanga juu ya jani la mgomba, akaanza. Kibanzi kilipita kati ya ngozi na nyama bila kelele. Cha kwanza kilipokuwa butu akachukua cha pili. Mbuzi akaisha kuchunwa kabla ya maji ya ugali kuchemka, na ngozi haikuwa na tundu hata moja. Kicheko kikaisha, na mdogo wake akaomba ajaribu.

Baada ya chakula kijana akaingia ndani, akatoka na mfuko, akauweka mbele ya mjomba wake. Ulikuwa kilo kumi za sukari.

"Mpwa wangu," akasema mzee, "mbuzi umemchuna. Sukari hii ni ya nini?"

"Ni ya yule wa korongoni, Mjomba," akajibu. "Nilimwita mjinga, na kazi yake nikaivunja kabla sijajua kuisoma."

Mzee akaipokea. Jioni ile majirani wote waliokuja walipewa chai yenye sukari ya kutosha, na kila mmoja alielezwa asichimbe korongoni mwake kabla hajatazama vizuri.